Ziwa Halipandi Kasulu

Wanaume wengine ndoa zao hucheleweshwa na mahari, wengine na fitina za ndugu. Yangu ilicheleweshwa na oili. Naomba usicheke mapema, maana mimi mwenyewe nilichelewa sana kucheka.

Naitwa Castory, mtu wa Kasulu, na wakati huo nilikuwa naendesha greda kwenye ujenzi wa barabara. Agnesi nilimpata mwalo wa Kibirizi, pale ziwani boti zinaposhushia samaki, anakouza dagaa kwa jumla. Nilimwambia dagaa wake wana mchanga. Akanitazama kuanzia viatu mpaka kofia, akauliza kama huko kwetu milimani tumeshawahi kuona dagaa au tunasimuliwa tu. Nikanunua. Wiki iliyofuata nikarudi nikanunua tena, na nyumbani wakala dagaa mpaka shangazi yangu Scola akauliza kama nimeoa ziwa.

Baba yake Agnesi ni Mzee Faustini, fundi wa injini za boti palepale Kibirizi. Mkewe alifariki miaka mingi nyuma, na watoto wake wengine walikwisha kutawanyika, huyu Mpanda, yule Dar es Salaam. Alikuwa amebaki na Agnesi, na gari. Gari lenyewe ni la michezo, la Kijapani, la zamani, milango miwili, boneti ndefu, tumbo karibu liguse ardhi. Watu wa mwaloni wanaliita Mgebuka, kwa kuwa ni jembamba na linang'aa kama samaki huyo. Mzee alilinunua ujanani kwa mhandisi mmoja aliyekuwa anarudi kwao, na ndilo alilomchukulia marehemu mkewe, Eufrasia, kutoka Kasulu kumleta ziwani.

Siku tuliyopeleka mahari, wazee walipomaliza kuvutana, ikaletwa pombe ya ndizi. Kwetu neno likishasemwa mbele ya wazee na wazee wakalinywea, limeshapigwa msumari. Mzee Faustini akasimama na kibuyu mkononi.

"Mama yake nilimtoa Kasulu kwa Mgebuka," akasema. "Na huyu nitampeleka Kasulu kwa Mgebuka, mimi mwenyewe kwenye usukani. Gari jingine hataingia."

Wazee wakapiga makofi, wakanywa. Baba yangu mdogo, Bonifasi, alikunywa kuliko wote. Hakuna aliyeuliza kama gari lenyewe linapanda.

Halikuwa linapanda. Mjini lilikwenda vizuri, hata Ujiji lilifika likiringa. Lakini kumshusha bibi harusi kutoka Kasulu ni jambo moja, kumpandisha ni jingine. Ukishaiacha Kidahwe barabara inakaza, na injini ile ikikazwa oili yake ilikuwa inapata moto kupita kiasi. Oili ikipata moto namna hiyo inakuwa nyepesi kama maji, sindano ya presha inashuka, na usipozima, injini inajisaga yenyewe kwa ndani. Kipoza oili ambacho gari lilitoka nacho kiwandani kilikuwa kidogo, na kilishaziba siku nyingi. Mzee alijaribu mara moja kwenda Kasulu kimyakimya, akarudi amevutwa na lori la ndizi. Tarehe ya kwanza ya harusi ikafa hapo.

Nikamwendea baba mdogo, nikamwomba aseme na wazee wenzake tukodi gari lingine.

"Tulilinywea neno lile," akanijibu. "Likija gari jingine, tutasema nani kaletwa?"

"Agnesi ndiye atakuwa kaletwa!"

"Haraka haraka haina baraka, Castory."

Kama kuna methali iliyonichosha mwaka ule, ni hiyo. Kila aliyeisema alikuwa ameshaoa.

Basi Mzee Faustini akaamua kubadilisha mfumo mzima wa kupoza oili, na akaubadilisha kwa akili ya ziwani. Kwenye boti, oili inapozwa kwa maji. Maji yanavutwa kutoka ziwani yakiwa ya baridi, yanapita kwenye kipoza, yanachukua joto la oili, yanatemwa nje, yanakuja mengine. Mzee akafungua kipoza kikubwa cha shaba kutoka kwenye boti iliyostaafu, akakifunga ubavuni mwa injini ya Mgebuka, akaweka pampu na mipira. Kisha akalisogeza gari mpaka kwenye mchanga, akatupa mpira wa kuvutia maji ndani ya ziwa, akawasha.

Nilikuwepo, nililiona kwa macho yangu. Gari la michezo limefungwa ziwani kwa mpira kama mbuzi kwenye kamba, linaunguruma, linatema maji pembeni, na sindano ya joto la oili imetulia pale pale mpaka wachuuzi wakaacha dagaa zao wakaja kutazama. Mzee akakanyaga mafuta. Sindano haikutikisika. Watu wakashangilia, na mimi nikashangilia nao, mpumbavu mwenzao. Siku hiyohiyo nikapanda kwa Padre wa kanisa letu Kasulu kuomba tarehe mpya.

Ni watu wa Kibirizi peke yao wanaoweza kufanya kosa lile. Mtu aliyeishi maisha yake yote na ziwa lile pembeni yake anaamini moyoni kwamba maji ni kitu cha baridi kisichoisha. Nilipouliza tukienda Kasulu mpira utavuta maji wapi, Mzee akanifungulia buti. Ndani, nyuma tu ya viti, alikuwa ameweka pipa la plastiki, limejaa maji ya ziwa mpaka juu, na mpira wa pili wa kurudishia maji humohumo.

Tukaenda kulijaribu, yeye kwenye usukani, mimi pembeni. Mwandiga tulipita vizuri. Kabla ya Kidahwe nikanyoosha mkono nyuma nikagusa pipa, likawa vuguvugu. Mwanzo wa mlima halikuwa linagusika. Maji yalikuwa yale yale yanayozunguka, yanapewa joto na oili na hayana pa kulipeleka. Kisha mfuniko ukaruka, mvuke ukajaa ndani ya gari, tukatoka kila mtu na mlango wake tukikohoa. Akina mama waliokuwa wanauza maparachichi kando ya barabara wakatukimbilia wakidhani tunaungua.

Mzee alikaa kwenye jiwe akifikiri. Mwishowe akasema, "Tutaweka mapipa mawili. Agnesi atakaa na moja miguuni."

Hapo hasira zikanipanda. "Mzee, ziwa halipandi Kasulu!" nikafoka, mbele ya wauza maparachichi. "Hata ukiweka mapipa kumi, utakuwa umepika mapipa kumi ya maji! Kitu pekee tunachopanda nacho mlima huu ni upepo. Weka kipoza cha upepo!"

Kumfokea mkwe ni jambo baya popote. Kwetu Buha ni karibu na kumpiga. Mzee Faustini aliinuka jiweni. Alifungasha mipira yake, tukasubiri injini ipoe, tukarudi Kibirizi. Kwa muda mrefu baada ya hapo alikuwa akiniona mwaloni anageuka kutazama Kongo, ng'ambo ya ziwa.

Padre naye, nilipokwenda kumwambia tarehe imeshindikana tena, alinitazama kama mtu aliyekuja kuazima kanisa akafugie kuku.

Aliyetupatanisha ni Agnesi, kwa njia yake. Alinipigia simu nikiwa kazini juu ya greda.

"Data anauliza," akasema, yaani baba, "hicho cha upepo kina ukubwa gani."

"Aniulize mwenyewe."

"Castory, unataka kuolewa na kiburi au unataka kunioa mimi?"

Nikamwambia ukubwa.

Kambini kwetu kulikuwa na kompresa iliyokufa, ya kuendeshea nyundo za kupasulia mawe. Ilikuwa na kipoza oili cha upepo, kama rejeta ndogo, mabomba membamba na mapezi ya aluminiamu, oili inapita ndani na upepo unapita katikati. Nikamwomba msimamizi, akasema nichukue, ila nisimletee tena habari za Padre wangu pale kambini. Nikakisafisha, nikakibeba mpaka Kibirizi, nikakiweka mbele ya Mzee Faustini pamoja na shikamoo na samahani, kwa pamoja, ili nisipate muda wa kujifikiria.

"Marahaba," akasema. Samahani hakuijibu. Lakini alikigeuza kipoza mikononi, akapuliza kati ya mapezi, akahisi pumzi yake ikitokea upande wa pili. "Kiko wazi," akasema. "Lete spana."

Kazi ile tuliifanya wote wawili nyuma ya nyumba yake. Tulitoa shaba ya boti, tukatoa pipa, tukamwaga oili yote ya zamani. Mimi nilitaka kipoza kikae mbele ya rejeta, yeye akakataa, akasema kitainyima rejeta hewa na injini itakufa kwa homa nyingine. Alisema kweli. Tukakishusha chini ya bampa, tukakata bati kupitishia upepo, tukafunga vishikio vyenye mpira ili mitikisiko isikipasue. Mipira ya kawaida ilivuja kwenye maungio, oili ikanimwagikia usoni, Agnesi akacheka mpaka akakaa chini. Ikabidi tutafute mipira ya mashine nzito, ile iliyobanwa vichwa kwa chuma.

Na kazi ikiendelea, Mzee akaanza kuzungumza. Alizungumza akiwa chini ya gari, ambako uso hauonekani. Alinisimulia Eufrasia siku ile ya harusi alivyotapika kuanzia Kidahwe mpaka Mwandiga, akajifuta, akauliza kama ziwa lote lile ni la kwao. Alivyokuwa anakaa ndani ya Mgebuka jioni, gari limezimwa, akichambua mchele, kwa sababu alisema ndicho kiti pekee cha starehe pale nyumbani. Nikamsikiliza nikishikilia tochi. Nilianza kumpenda mzee yule, na jambo hilo sikulitarajia.

Tukajaribu mpaka Mwandiga na kurudi, tukikimbiza. Sindano ya joto ilipanda kidogo, ikasimama, ikakaa. Nikarudi kwa Padre kwa mara ya mwisho. Alisema hivyo yeye mwenyewe, kuwa ni ya mwisho. Tarehe hii ikiharibika, tukafunge ndoa mwaloni.

Jumamosi moja kabla ya harusi tukaenda kuujaribu mlima wenyewe. Asubuhi ilikuwa ya ubaridi, gari linavuta vizuri, na moyo wangu mweupe. Tukaiacha Kidahwe. Mlima ulipoanza, sindano ikaanza kupanda. Nikasema itasimama. Haikusimama. Ikapita pale ilipopita siku ya pipa, presha ikashuka, Mzee akaegesha pembeni akazima.

"Unaona," akasema taratibu. "Tusubiri mpaka Pasaka. Tutafute njia nyingine."

Nilimtazama. Sauti ile haikuwa ya mtu aliyevunjika moyo. Alikuwa ametulia kama aliyetua mzigo. Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Nikashuka, nikalala kifudifudi kwenye lami, nikachungulia chini ya bampa.

Kati ya bati na kipoza kulikuwa na kipande cha boksi, kimekatwa vizuri kufuata umbo, kimeziba mdomo wote wa upepo. Kilikuwa kimefungwa kwa uzi wa nyavu, kwa fundo la kivuvi lile lisilofunguka. Kuna mtu mmoja tu mwenye fundo lile aliyekuwa analala karibu na gari hilo.

Niliinuka. Nilikuwa na maneno mdomoni ambayo yangemaliza uchumba wangu na pengine na ukoo wangu. Mzee alikuwa ameshuka, amesimama akiangalia bonde, amenipa mgongo.

"Umeliona," akasema.

"Nimeliona."

"Mlima huu nauweza, Castory. Na gari linauweza, tangu ulipoleta kile kidude. Mimi siogopi kupanda." Akaelekeza kidole bondeni. "Naogopa kushuka. Nikishamwacha kule, nitarudi na kiti kitupu hapa ubavuni. Nitafika nyumbani nitafungua mlango mwenyewe. Nimejaribu kulifikiri jambo hilo, nikashindwa kulimaliza."

Wanasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mimi si mzazi, lakini pale barabarani niliuona kwenye mgongo wa mtu mwingine, na hasira yangu ikakosa pa kukaa. Nilisikia aibu pia, maana kwa miezi yote ile nilikuwa nahesabu nitakachopata, na sikuwahi kujiuliza yeye anabaki na nini.

"Utamwambia?" akauliza.

"Simwambii. Lakini boksi lako likate mwenyewe. Mimi siligusi."

Alikuja mbele ya gari. Kisha akatoa kisu, akapiga magoti kwa shida, akakata uzi. Boksi hakulitupa. Alilikunja akaliweka kwenye buti. Tukageuza gari tukarudi, na mlima hatukuujaribu tena.

Kwa hiyo siku ya harusi nilisimama mlangoni mwa kanisa pale Kasulu nikiwa mtu pekee aliyejua kuna boksi. Desturi ilinizuia kwenda kumchukua bibi harusi, ilinibidi kusubiri. Saa ya misa ikafika, ikapita. Simu ya Agnesi ilikuwa haipatikani. Shangazi Scola akasema labda pancha. Baba mdogo Bonifasi akafungua mdomo kuniletea methali, nikamwambia, kwa heshima zote, aufunge. Padre akatoka akatazama saa yake, akanitazama mimi, akarudi ndani. Nilikuwa nimekwisha kujiona nazeeka kwenye kambi ya barabara nikila dagaa wa kununua.

Ndipo nikasikia muungurumo. Mimi ni mtu wa mashine, najua injini inayoumwa na injini nzima. Ile ilikuwa nzima. Mgebuka akatokea kwenye kona, ananing'iniza maua, vumbi la njia limempaka, Mzee Faustini kwenye usukani na tai yake imepinda. Akina mama wakapiga vigelegele wakamzunguka bibi harusi. Mimi, Mungu anisamehe, jicho langu la kwanza lilikwenda chini ya bampa. Kipoza kilikuwa wazi, kimejaa vipepeo na majani makavu yaliyopulizwa na upepo wa njia nzima. Ndipo nikamtazama mke wangu, na nikalia mbele ya watu bila kujificha.

Baadaye, tukiwa mezani, Agnesi aliniinamia sikioni.

"Data alisimama mwanzo wa mlima," akasema. "Akafungua buti, akasimama mbele ya gari ameshika boksi. Alisimama muda mrefu. Nikamuuliza kuna nini."

"Akasemaje?"

"Akasema anasikiliza upepo. Kisha akawapa wauza maparachichi lile boksi, wakapangia matunda." Akanitazama. "Lilikuwa la nini?"

Nikamwambia ni mambo ya oili.

Asubuhi yake Mzee alisema anaondoka. Aliwaaga wazee, akambariki binti yake, akaingia ndani ya Mgebuka haraka, akifanya kama anakagua geji. Agnesi alikuwa amesimama mlangoni na kanga yake mpya, haruhusiwi kuvuka kizingiti. Machozi yalikuwa yanamtiririka huku ametazama kile kiti cha pembeni.

Nikaenda nikafungua mlango wa gari, nikakaa.

"Wewe!" Shangazi Scola akapiga kelele. "Bwana harusi hatoki nyumbani siku ya pili! Watu watasemaje?"

"Waseme bwana harusi kakimbia," nikajibu. "Kesho nitarudi na basi."

"Nenda, Castory!" Agnesi akaita toka mlangoni, analia na kucheka. "Nenda, na usiguse usukani wake!"

Baba mdogo alishika kichwa. Mzee Faustini hakunitazama. Aliwasha, tukashuka. Tuliongea kidogo sana, kuhusu breki, kuhusu mvua. Tulipoingia Kibirizi alizima gari nje ya nyumba, akakaa tu, mikono kwenye usukani. Nikashuka mimi kwanza, nikachukua ufunguo mkononi mwake, nikafungua mlango wa nyumba, nikafungua na madirisha. Kisha nikaenda mwaloni nikanunua samaki, kuhe mbichi, nikarudi nikakaa uani kumpara.

Simu yake ikaita. Nilisikia sauti ya Agnesi kwa mbali, inauliza kama amefika, kama amekula, na kama atalala peke yake kwenye nyumba ile.

"Mimi? Siko peke yangu," Mzee akamjibu, kwa sauti ya kukemea kabisa. "Niko na mwanangu hapa, anapara samaki. Anampara vibaya."

Nikainamisha kichwa, nikaendelea kupara.